Gari la Marehemu Baba: Niliuze au Nilitunze?

Mpenzi msomaji, leo nitakutolea siri ambayo kwa muda wa miaka miwili sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama watoto ambaye hunijua hadi ninavyokohoa. Siri yenyewe ni hii: gari la marehemu baba, ambalo kila mtu mtaani anajua nalipenda kama mboni ya jicho langu, silipendi tena.

Usicheke. Najua pengine unasoma ukurasa huu ukiwa ndani ya matatu, umebanwa kati ya dirisha na gunia la viazi la mwenzako, na utasema kwamba hii ni shida ya watu walioshiba. Lakini ngoja nimalize, kwa maana jambo hili si la gari pekee. Huenda nawe nyumbani kwako kuna kitu ulichoachiwa, iwe ni cherehani ya nyanya, duka la mzee au kipande cha shamba kule mashambani, ambacho umekibeba mabegani miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza kama bado unakitaka.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1973. Lina pua ndefu, mgongo ulioteremka, na viti viwili tu. Ukiketi ndani unahisi kana kwamba umeketi juu ya lami yenyewe. Rangi yake ni nyekundu na boneti nyeusi. Kwa siku nyingi za mwaka hulala chini ya turubai nyuma ya nyumba yetu hapa Lanet, na nikilitoa kwenda mjini, hata kununua maziwa huwa ni safari ya saa nzima. Vijana wa bodaboda hulizunguka wakipiga picha. Wazee wenye mvi huvuka barabara ya Kenyatta Avenue kuja kuligusa, na karibu kila mmoja husema jina lilelile: Mehta.

Wazee hao wana sababu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na baadaye yakawa sikukuu ya watu wote wa Afrika Mashariki. Msimu wa Pasaka ulipofika, shule zilikuwa zimefungwa, na watoto walisimama kando ya barabara za vumbi tangu alfajiri wakingoja magari yapite. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, ikawa zamu ya Shekhar Mehta na gari la aina hiyohiyo. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa ajabu, kwa kuwa Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, naye pia akiwa katika Datsun. Ilibidi waamuzi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Ni Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Marehemu baba alikuwa kijana wa miaka kumi na minane mwaka huo wa 1973. Hakuliona gari hilo kwa macho. Alisikia matokeo kwenye redio ya jirani, kule Njoro, wakiwa wamejazana mlangoni kama nyuki. Lakini alivyokuwa akitusimulia, ungedhani yeye ndiye aliyekuwa akimsomea Mehta ramani.

"MULIKA HAPA"

Baba alikuwa makanika. Alifanya kazi katika gereji hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini, na mikono yake ilinuka oili hata siku ya harusi ya dada yangu. Mwaka 1991 mkulima mmoja wa Njoro alikuwa akihama nchi, na katika ghala lake mlikuwa na Datsun 240Z isiyo na uhai. Injini ilikuwa imefunguliwa na vipande vyake kutiwa ndani ya masanduku ya mbao. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Baba alilinunua kwa Sh60,000, na akalileta nyumbani likiwa limefungwa nyuma ya trekta.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka minne. Ninachokumbuka ni mama akisimama mlangoni, mikono kiunoni, bila kusema neno.

Kwa miaka minane Jumapili zetu zilikuwa na ratiba moja. Asubuhi kanisani, adhuhuri chakula, na baada ya hapo baba aliingia chini ya gari. Kaka yangu mkubwa alipenda mpira na dada yangu alipenda vitabu, kwa hivyo kazi ya kushika tochi ikaniangukia mimi kitinda mimba. "Mulika hapa," baba alikuwa akisema. "Hapa, si usoni pangu!" Huko chini ndiko nilikojua kwamba injini ile ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake ni cc 2,393, na kwamba kabureta zake mbili ni kama ndugu mapacha: zisipopumua pamoja hakuna amani nyumbani. Huko ndiko nilikojua pia mambo mengine ambayo baba hangeweza kuyasema akiwa ameketi mezani: namna babu alivyokufa, namna alivyokosa karo ya kidato cha tatu, na namna alivyomwona mama kwa mara ya kwanza akiteka maji.

Gari liliwaka mwaka 1999. Jirani walidhani kuna matata. Baba alizima, akawasha tena, akazima, akawasha, kisha akaketi juu ya debe na kujifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na uso mweusi kama aliyetoka makaa. Jumapili iliyofuata alinipeleka hadi Elementaita, tukala mahindi ya kuchoma tukiangalia ziwa, tukarudi. Hiyo ndiyo siku niliyoamua kwamba gari hilo ndilo kitu kizuri kuliko vyote duniani.

Baba aliaga dunia mwaka 2016. Baada ya mazishi kaka yangu alinipa ufunguo na kusema, "Hili ni lako, wewe ndiye uliyemulika." Nikaupokea kwa mikono miwili.

PENZI HUFA POLEPOLE

Mapenzi ya kitu, msomaji wangu, hayafi kwa kishindo. Hufa kama maji yanavyokauka mtungini, tone baada ya tone, na siku unayochungulia ndani unaona vumbi.

Siku yangu tamu zaidi ilikuwa Juni 2021. Safari ilikuwa imerudi katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, na safari hii makao yake yalikuwa Naivasha. Nililiosha gari, nikambeba binti yangu aliyekuwa na umri wa miaka minane, tukashuka pale Gilgil na kuendelea hadi kwenye vumbi la Soysambu. Sébastien Ogier alishinda na Toyota yake, lakini nakuapia kuna watu waliotupiga picha sisi zaidi ya walivyompiga yeye. Niliringa.

Jioni, tukirudi, joto la injini lilipanda na mvuke ukatoka kama birika. Mpira mmoja wa radieta ulikuwa umezeeka, nami sikuwa nimeukagua. Makosa yalikuwa yangu, si ya gari. Tulikaa kando ya barabara hadi saa tatu za usiku, malori yakitupita na kututikisa, binti yangu amejifunika koti langu. Alipolala nilimtazama nikajiuliza swali ambalo sikutaka kulijibu: nani hasa anafurahia jambo hili?

Kisha mambo yakafuatana. Fundi mzee aliyekuwa mwenzake baba, ambaye aliweza kulinganisha kabureta kwa kusikiliza tu na kipande cha mpira sikioni, alistaafu akaenda kwao. Vijana walio katika gereji siku hizi ni hodari, tena sana, lakini wamezoea gari la kuchomekwa kompyuta likajieleza maradhi yake. Gari langu halina pa kuchomeka. Likiugua, sharti umjue kama unavyomjua mzazi mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi. Vipuri navyo havipatikani dukani. Unaagiza ng'ambo, unangoja wiki kadhaa, unalipa ushuru, kisha unakuta kile ulicholetewa ni cha modeli nyingine.

Septemba 2023 petroli ilipita Sh200 kwa lita. Gari hili likitoka Lanet hadi Njoro na kurudi, mkoba unalia. Mwaka huohuo niliinua zulia la miguuni nikaona nyasi. Naam, nyasi! Kutu ilikuwa imekula sakafu ya chuma. Nikachomelea, nikapuliza rangi, nikalipa. Mama watoto alikuwa na daftari ambamo huandika matumizi ya nyumba, na mwisho wa mwaka alinionyesha ukurasa mmoja kimyakimya. Gari lilikuwa limekula Sh148,000. Katika mwaka huo nililiendesha mara kumi na moja.

Sasa utasema, "Basi ni pesa. Umaskini ndio uliolifukuza penzi." Nami nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu ni jibu lisilo na aibu. Lakini sikiliza yaliyotokea Jumamosi moja mwaka jana. Kila kitu kilikuwa sawa. Kabureta zilikuwa zimelingana, breki zilishika, sakafu ilikuwa mpya, na nilikuwa na petroli ya kutosha na siku nzima bila kazi. Nilishika barabara ya Nyahururu. Asubuhi ilikuwa na baridi tamu, ukungu ukielea juu ya bonde la Subukia, na injini iliimba kama ilivyoimba mwaka 1999. Nikiwa katikati ya mteremko nilijikuta nikiangalia saa. Nilikuwa nikihesabu itachukua muda gani kabla ya kurudi nyumbani na kulifunika.

Pesa hazikuwa na hatia siku hiyo. Gari halikuwa na hatia. Niliegesha pale kwenye kibao cha Ikweta, nikanunua ndizi kwa mama mmoja, nikala nikiwa nimesimama. Watalii wawili waliniuliza kama wanaweza kupiga picha. Nikawaambia wapige tu. Nilihisi kama mtu aliyeombwa apigwe picha na koti la kuazima.

MTEJA ABISHA HODI

Ukiwa na kitu adimu, habari husafiri yenyewe. Mapema mwaka huu bwana mmoja kutoka Nairobi alinipigia simu. Yeye hutengeneza magari ya zamani kwa ajili ya mashindano ya Safari ya magari ya kale, yale yaliyoanza mwaka 2003, na ambamo Datsun za aina hii bado hukimbia. Alikuja, akavua koti, akalala chini ya gari kwa nusu saa bila kujali shati lake jeupe. Alipotoka aliniambia bei: Sh1.4 milioni.

Nilimwambia nitafikiria. Usiku huo sikulala.

Mama watoto hakunishurutisha. Alisema tu, "Baba watoto, mimi sikwambii uuze, wala sikwambii usiuze. Nakuuliza jambo moja. Mara ya mwisho kulifurahia ni lini?" Nikafungua mdomo nimtajie ile siku ya Naivasha, nikakumbuka mvuke na malori na mtoto aliyejifunika koti, nikaufunga.

Nilimwendea binti yangu, nikitumaini kwamba labda yeye ndiye mrithi, na kwamba nikivumilia miaka michache nitamkabidhi ufunguo kama nilivyokabidhiwa mimi. Watoto hawajui kusema uongo wa adabu. "Baba," akasema, "gari hilo linanuka petroli na kunichafua moyo. Lakini usiuze kama utalia."

Kulia! Kumbe hata mtoto ameona kwamba hapa pana kilio.

Nilimpigia yule bwana simu na kumwambia tuendelee na mazungumzo. Ndipo akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Logbuku iko kwa jina la nani?"

Msomaji, hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Logbuku iko kwa jina la marehemu baba. Kwa miaka yote hiyo nililiita gari "langu" na kulilipia kila kitu, lakini kwa mujibu wa sheria halijawahi kuwa langu. Nilikwenda kwa wakili mmoja hapa mjini anifafanulie, nami nitakufafanulia wewe kwa sababu najua wengi wetu tuko katika mashua hiyo. Mali ya aliyekufa, iwe ni shamba, gari au pesa za benki, ni ya warithi wote hadi mahakama itakapotoa hati ya usimamizi wa mirathi. Kuiuza kabla ya hapo ni kosa chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Unaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Unawasilisha maombi mahakamani, yanatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kisha hati inatolewa, na kwa kawaida hupita miezi sita kabla haijathibitishwa ili mali igawanywe. Ndipo unaweza kubadilisha jina la mwenye gari.

Kwa hivyo uamuzi niliokuwa nikiung'ang'ania usiku na mchana peke yangu haukuwa wangu. Ulikuwa wetu. Nikawapigia simu kaka na dada, tukakubaliana tukutane kwa mama Jumapili.

MKE MWENZA

Kaka yangu alifika kwanza, na alikuwa amefanya utafiti wake. Alikuwa amesoma kwamba Januari 2020 huko Marekani Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. "Huyo bwana wa Nairobi anataka kutunyang'anya," akasema. Ilinibidi nimweleze polepole kwamba gari lile la Marekani lilikuwa limetunzwa kama yai na halikuwa limetembea sana, ilhali letu limechomelewa mahali saba ninapopajua na labda matatu nisipopajua. Kuku hawakutaga ndani ya lile la Marekani. Dada yangu alicheka hadi akashika mbavu.

Lakini kaka hakucheka. "Mimi sikumulika," akasema, "lakini ni la baba. Likienda mashindanoni watalivunja. Siwezi kumwona baba akivunjwa vipande mtaroni." Kumbe hata yeye, aliyependa mpira, alikuwa na lake moyoni. Nyumba ikanyamaza.

Mama alikuwa akikoroga chai. Ana umri wa miaka sabini na kidogo, na maneno yake huja machache na kwa wakati wake. Alimwaga chai vikombeni, akamaliza, ndipo akasema.

"Mnajua nililiita nini gari lile? Mke mwenza."

Nikamwambia kwamba huko Japani, lilikotengenezwa, gari hilo lilipewa jina la Fairlady, yaani bibi mrembo. Mama aliangua kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi. "Basi sikukosea!" akasema.

Kisha akatuambia jambo ambalo sisi watatu hatukulijua. Zile Sh60,000 za mwaka 1991 zilikuwa za mabati. Walikuwa wameweka akiba miaka mitano ili wajenge nyumba ya mawe, hii tuliyokuwa tumeketi ndani yake. Baba alizichukua bila kumwuliza. Tulikaa katika nyumba ya mbao inayovuja kwa miaka sita zaidi, na mama hakutuambia kamwe kwa nini. "Nilimsamehe," akasema, "lakini sikusahau kila mvua iliponyesha."

Nikamwuliza, "Basi mama, kwa nini hukumlazimisha aliuze baadaye?"

"Alitaka kuliuza mwenyewe," akajibu. "Mwaka 2009. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma na hakuweza tena kulala chini. Aliniambia amechoka nalo. Mteja alikuwepo, pesa zilikuwepo. Lakini akasema, 'Kijana analipenda mno. Nikiliuza nitamvunja moyo.' Basi akaliweka."

Mpenzi msomaji, nilikitua kikombe changu mezani. Mwaka 2009 mimi nilikuwa katika chuo cha uandishi wa habari jijini Nairobi. Kila niliporudi nyumbani niliuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumwuliza baba habari zake. Naye alilipigia gari polishi siku moja kabla sijafika. Yeye aliliweka kwa ajili yangu, nami nikaliweka kwa ajili yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa akilitaka, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

Mama akamgeukia kaka yangu. "Mwanangu," akamwambia kwa upole, "gari si kaburi. Baba yenu yuko pale nyuma ya mikahawa, na kaburi lake linahitaji kupaliliwa."

TULIVYOAMUA

Hatukuamua kila kitu siku hiyo, lakini tuliamua ya kutosha. Tumeanza mambo ya mirathi, na barua ya chifu tayari tunayo. Hati ikithibitishwa, tutaliuza. Kaka yangu aliomba sharti moja, nalo ni kwamba boneti nyeusi isibadilishwe rangi, na yule bwana wa Nairobi amekubali. Amesema pia atangoja miezi hiyo yote, hataki kutuharakisha, na hatukuchukua hata senti ya arubuni. Huenda atabadilisha nia. Huenda mmoja wetu atabadilisha nia. Miezi sita si haba. Nimeanza kuamini kwamba waliotunga sheria hiyo walijua wafiwa ni watu gani.

Pesa zikipatikana, mama atachagua kwanza. Tulidhani atataka nyumba irekebishwe. Akasema anataka tangi la maji la lita elfu kumi, na kinachobaki kimpeleke Mombasa, kwa kuwa ana miaka zaidi ya sabini na hajawahi kuiona bahari. Alikuwa akingoja mabati, mabati yakaja kuchelewa, na bahari ikasahaulika.

Kama nawe una kitu cha namna hii, sina dawa ya kukupa, ila maswali matatu ambayo laiti ningejiuliza mapema. Je, ukikipata leo kikiwa kizima, bila gharama wala shida, utakifurahia, au utaangalia saa kama mimi kule Subukia? Kama utakifurahia, umechoka tu, kipumzishe, usikiuze. Je, kwa hakika ni chako, au kuna wengine ambao hujawauliza wanasemaje? Na je, yule unayemtunzia, umewahi kumwuliza kama anataka? Kama yu hai, usingoje. Mimi nilichelewa kwa miaka mingi, na jibu nililipata kwa mama, chai mkononi.

Jumapili iliyopita nililifunua gari ili niliandae kukaa muda mrefu bila kuendeshwa. Sharti utoe petroli iliyobaki kwenye tangi, ufungue betri, uinue magurudumu. Kazi ilinichelewesha, giza likaingia, na binti yangu akatoka nje kuniuliza kama sitakula. Nikamwomba ashike tochi.

"Mulika hapa," nikamwambia. "Hapa, si usoni pangu!"

Alimulika. Akaniuliza kile ni nini, na kile kingine ni cha nini. Nikamweleza. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunieleza kuhusu msichana mmoja shuleni ambaye siku hizi hazungumzi naye, na jinsi jambo hilo linavyomnyima usingizi. Sikuwa nimelisikia hata siku moja. Nilibaki pale chini, spana mkononi, kazi ilikuwa imekwisha zamani, nikijifanya kuna nati moja bado inanisumbua.

Tulipoingia ndani chakula kilikuwa kimepoa.

Usinielewe vibaya, msomaji. Gari bado tutaliuza. Lakini tochi nimeiweka kando. Haimo katika orodha ya mirathi, na nimewauliza kaka na dada. Wamesema niichukue. Binti yangu naye ana baiskeli ambayo mnyororo wake unaruka kila wiki, na Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutaifungua.